Rota ya Gari la Baba

Mwezi uliopita gari langu liligongwa ubavuni, nikalipeleka kwa fundi wa bodi. Nikiwa nimekaa kwenye benchi lake, akafungua kopo la pati, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati, akaichanganya na dawa ya kuikaushia, na ile harufu kali ikanipanda puani. Hapo hapo nikaanza kumchunguza. Kwa nini anakwenda nyuma ya ukuta kuongea na simu? Kwa nini amefungua taa ambayo haikuguswa? Mume wangu husema serikali ilikosea kutonipa kazi ya upelelezi. Hajui kwamba kazi hiyo niliifanya mapema sana, uani kwetu, mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, nikiwa darasa la nne, na mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Mashine yoyote iliyogoma Ifakara, aliitwa yeye. Mikono yake ilinuka grisi na pumba mwaka mzima, hata Jumapili akiwa amevaa shati jeupe la kanisani. Magari hakuwa na habari nayo. Mpaka siku aliyokuja nalo lile, akiwa amelifunga kwa kamba nyuma ya trekta, sisi watoto wa mtaa tukilikimbilia kwa kelele.

Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, jekundu lililochujuka likawa rangi ya ufizi. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti, na ukibonyeza swichi zilichomoza, kwanza moja, halafu ya pili ikijivuta kwa uvivu. Bwana mmoja wa Dar es Salaam alikuja nalo kwenye harusi ya dada yake, akataka kuwaonyesha watu wa Ifakara mambo. Barabara yetu ya enzi hizo ikamwonyesha yeye. Jiwe lilipasua sampo, lile bakuli la chini linalokaa oili, injini ikafa, na gari likalala masika mawili karibu na mashine mpaka kuku wakalizoea. Mwishowe yule bwana akamwambia baba alichukue tu.

Nililipenda kwa siku tatu. Siku ya nne nikaanza kulishuku.

Kilichonifungua macho ni jinsi baba alivyokataa kulinyanyua. Mtu yeyote wa bonde la Kilombero anajua kwamba gari la chini huku halina maisha. Mvua ikinyesha wiki mbili, hata trekta linaomba msaada. Kila fundi aliyepita uani kwetu alimshauri baba aweke springi za pikapu, gari lipande juu. Baba aliitikia kwa kichwa tu. Hakulinyanyua. Badala yake alinunua jembe bovu la kukokotwa na ng'ombe kwa Msukuma mmoja, akalikata, akaligonga likanyooka, akalichomelea chini ya tumbo la gari ili mawe yasilipate tena. Kazi ya siku nne, amelala chali kwenye vumbi, wakati springi zingemchukua asubuhi moja. Nilijiuliza, mtu mwenye akili zake anang'ang'ania gari liwe chini ili iweje?

Halafu akang'oa kiti cha abiria, kile cha kushoto, mwanamke wa dereva anapokaa kwenye picha za kalenda. Akang'oa na vile viti vidogo vya nyuma. Akapasua mbao za mninga, akazipiga randa, akatengeneza kitanda chembamba kilichoanzia kwenye dashibodi mpaka kwenye buti. Juu yake godoro la sponji. Kitanda, ndani ya gari! Na alipomaliza kitanda akafunga waya toka mbele mpaka nyuma, katikati ya dereva na kitanda, akatundika pazia la kijani lenye maua.

Nilikuwa mtoto, lakini sikuwa mjinga. Nyumba yetu yenyewe ilikuwa na pazia moja tu, la chumba cha baba na mama.

Zaidi ya hayo kulikuwa na kamba. Baba alikuwa na kipande cha kamba ya katani chenye mafundo mawili, akikipima juu ya kitanda kila anaporanda. Nilingoja alipokwenda kazini nikaichukua, na mama alipojilaza mkekani mchana, nikamsogelea kana kwamba nafukuza nzi, nikaipima kamba kuanzia kisiginoni. Ilimfika shingoni. Nilirudia mara mbili. Kitanda kile hakikutengenezwa kwa ajili ya mama. Kilitengenezwa kwa ajili ya mwanamke mfupi.

Nikawa sasa nasikiliza kila neno. Jioni baba na mama wakikaa jikoni, nilijifanya naosha vyombo karibu na dirisha.

"Mgeni ataingiaje?" mama aliuliza.

"Mlango nimeulegeza bawaba, unafunguka mpaka mwisho," baba akajibu. "Mgeni ataketi kwanza, halafu anageuka, analala. Hapandi kitu."

"Na wewe?"

"Mimi siwezi kukaa naye humo. Ataendesha Mtani."

Mgeni. Hakuwa na jina. Kila baba alipomtaja alishusha sauti, na mama naye akashusha yake, na mimi nikasugua sufuria moja mpaka ikang'aa.

Huyo Mtani lazima nimweleze, maana yeye ndiye aliyenimaliza. Alikuwa Mngoni aliyekaa Kivukoni miaka mingi, mchuuzi wa samaki, mrefu, mdomo haupumziki. Baba ni Mpogoro, na baina yao utani ulikuwa wa tangu mababu. Mngoni yule aliweza kuingia kwetu, akafunua sufuria, akala nyama, akamwita mama "mke wangu," akamwambia baba mbele za watu kwamba sura yake imekaa kama imekanyagwa na kiboko, na baba haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake. Wenzangu wengi mliokulia huku mnajua. Lakini utani nilioujua mimi kwa umri ule haukuwa wa maneno tu. Mtani alipomwambia baba, "Huyu jogoo wangu," aliondoka naye kweli. Aliposema mwavuli wetu unamfaa yeye, hatukuuona tena. Nilikwisha kujifunza kwamba watu wakubwa husema mengi wasiyoyafanya, isipokuwa mtu mmoja. Mtani akisema huku anacheka, ujue jambo limekwisha.

Sasa siku moja alikuja akalikuta gari limepakwa pati upande mzima, limejaa mabaka meupe. Akalizunguka, akabonyeza swichi taa zikachomoza, akapiga makofi.

"Shikamoo, Mtani," nikamwamkia.

"Marahaba, Sesilia. Mama yako yuko wapi? Mwite aje aone gari la kumrudisha kwao."

Mama akatoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Mke wangu, jiandae," Mtani akamwambia. "Siku nikiliwasha hili, nakupeleka kwenu Kisawasawa, nakushusha na sufuria zako. Narudi na kitoto kibichi cha kumtunzia mzee huyu. Mimi nimeshamtafutia."

"Afadhali!" mama akasema. "Umchukue na mzee mwenyewe umpeleke kwenu Songea mkamle."

Wakacheka wote watatu, baba mpaka akashika ukuta. Mimi nilisimama na ndoo yangu nikiwaza jogoo na mwavuli. Nilimchukia Mtani siku ile kwa chuki ambayo sijawahi kumchukia mtu tena. Na baba nilimwogopa, jinsi unavyomwogopa mtu ambaye ulidhani unamjua.

Wiki zilizofuata nilimchunguza baba kwa kila hali. Nilinusa mashati yake. Ndani ya gari, chini ya zulia, niliokota kibanio cha nywele cha mwanamke chenye kipepeo, nikakificha ndani ya daftari la Sayansi kama ushahidi. Haikuniingia akilini kwamba gari lile lilikuwa na mwenyewe kabla yetu. Usiku nilisali baba aumwe kidogo, asife, aumwe tu mpaka masika yaingie, gari lile la chini lisiweze kwenda popote. Niliacha kumpokea akirudi kazini. Aliuliza mara moja, "Sesi, una nini siku hizi?" Nikasema tumbo. Akanisagia tangawizi, nami nikaimwaga.

Gari nalo lilizidi kupona. Mkanda wa feni alioukosa madukani, aliutoa kwenye mashine ya kukobolea. Rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ilivuja, akaiziba kwa risasi ya kuchomelea. Jioni moja ya Alhamisi akaliwasha, likatoa moshi mweusi, likanguruma mpaka majirani wakatoka. Baba alikaa ndani peke yake, mikono kwenye usukani, anatabasamu. Kila akimaliza alifungua boneti na kutoa rota. Ni kidude cheusi, kidogo kuliko kizibo cha chupa ya chai, kinachozunguka ndani ya distributa na kugawa moto kwenye plagi. Bila hicho injini haiwaki hata uipigie magoti. Alikitoa ili watu wasiliibe gari, akakihifadhi kwenye kopo la maziwa dirishani.

Kesho yake, Ijumaa mchana, nilirudi shule nikamkuta mama amevaa viatu. Alikuwa na begi na mkeka uliokunjwa.

"Nakwenda Kisawasawa," akaniambia. "Kaa vizuri na baba yako. Kesho Mtani anakuja na gari."

"Utarudi lini?"

"Nitarudi," akasema, akanishika kichwa kwa haraka na kuwahi basi. Hakusema siku.

Nataka niwe mkweli hapa, maana nimejidanganya sana kuhusu jioni ile. Sikuwa na hasira wala sikulia. Nilijiona mtu mwenye kazi ya kufanya. Jua lilikuwa bado halijazama, baba alikuwa bafuni, anaoga huku anapiga mluzi, na mluzi ule kwangu ulikuwa ushahidi wa mwisho. Nilichukua rota kwenye kopo, nikaenda nayo chooni, nikaiachia kwenye tundu. Hata sikusikia ilipoangukia.

Mtani alifika asubuhi, amevaa suruali iliyopigwa pasi, amenyoa. Baba akafungua kopo. Akaligeuza juu chini. Akatazama dirishani, chini ya dirisha, mifukoni mwake, ndani ya distributa. Akanitazama mimi.

"Sesi, hujaona rota?"

"Sijaona, baba."

Akaniamini bila kuuliza mara ya pili. Akamgeukia Mtani, aliyekuwa juzi yake amekaa dirishani pale akinywa chai.

"Mtani, lete rota."

Mtani, Mungu amrehemu, hakujua kwamba siku ile haikuwa ya mchezo. Akajibu jinsi alivyomjibu baba miaka yote. "Rota? Nimeiuza, nikanywea pombe. Nikuletee nyingine ya mti?"

"Lete, bwana. Saa zinakwenda."

"Nimeimeza. Nipeleke chooni."

Nilimwona baba akibadilika. Akaendelea kutafuta, na Mtani, alipoona mwenzake amenyamaza, akacheka mara moja zaidi, halafu akaanza kuapa kwamba hajaigusa. Lakini mtu aliyechukua jogoo na mwavuli, akaapa kwa kucheka, nani atamwamini akiapa kwa huzuni? Duka lenye rota ya gari kama lile halikuwepo Ifakara nzima. Baba akachonga moja kwa kipande cha plastiki ngumu na shaba ya waya. Injini ikakohoa. Akachonga nyingine. Mpaka saa nane mchana alikuwa na vidonda vidoleni, na gari limesimama pale pale na kitanda chake ndani, shuka jeupe limetandikwa.

Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani, moyo umetulia. Mama angerudi sasa.

Na kweli alirudi, Jumapili jioni, juu ya lori la mpunga. Wanaume wanne walipanda, wakamshusha bibi yangu, mama yake mama, amelazwa juu ya mkeka. Bibi alikuwa ameanguka toka kwenye dungu, kile kichanja cha shambani, alipokuwa akilinda mpunga usiliwe na ndege, na sisi watoto tuliambiwa anaendelea vizuri. Nyonga yake ilikuwa imevunjika. Hakuweza kukunja mguu, hakuweza kupanda ngazi ya basi wala kuruka juu ya pikapu. Gari pekee katika bonde zima alilokuwa anaweza kuliingia kwa kuketi tu, bila kupanda kitu, lilikuwa lile la baba, lililokuwa chini hata kuku wakalicheka. Bibi alikuwa mfupi. Nilipomwona kwenye ule mkeka nilijua urefu wake bila kuhitaji kamba.

Na baba alikuwa wapi? Alisimama mbali, karibu na mwembe wa jirani, amewapa mgongo. Kwao Wapogoro mtu hamgusi mama mkwe wake, hakai naye bega kwa bega, hata jina halitaji. Ndiyo maana bibi aliitwa mgeni, ndiyo maana pazia, ndiyo maana dereva alikuwa Mtani, maana mtani ndiye pekee anayeweza kumbeba mkwe wa mwenzake bila kuvunja heshima. Baba alimtengenezea mama mkwe chumba kizima ndani ya gari ili aweze kumsaidia bila kumvunjia adabu. Sasa watu baki walimshika mkwe wake mabegani na miguuni, naye anasikia kila kilio akiwa ameangalia upande mwingine.

Mama alikuwa amengoja na bibi kando ya barabara toka alfajiri ya Jumamosi. Daktari wa mifupa aliyekuja Ifakara kwa siku mbili tu alikuwa ameshaondoka Jumapili asubuhi. Na lori lile, kwa mashimo yale, lilizidisha kile kilichokuwa kimeanza kushika. Bibi aliishi nasi miaka sita. Hakutembea tena. Mimi ndiye niliyemwogesha, nikamgeuza, nikamchana nywele, na kila aliponiombea baraka nilitamani anyamaze.

Mtani alikuja Jumatatu na kambare wawili kumpa pole mgonjwa. Baba hakutoka ndani. Mama alimpokea samaki, akashukuru kwa sauti ya kuishukuru serikali ya mtaa. Hakumtania wala hakuitwa "mke wangu." Mtani akaketi kidogo, akaaga. Nilimfuata mpaka barabarani, nikamshika baiskeli.

"Mtani, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Rota. Niliitupa chooni. Nilidhani unampeleka mama, unamletea baba mwingine."

Nilidhani atanipiga. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie. Baba yako sasa hivi ana moto, atakuvunja mkono na yeye mwenyewe atajuta. Mimi ni mtani wake. Hawezi kukaa na mimi kinyongo, hairuhusiwi. Mwezi mmoja tu, utaona, ananiita mwenyewe."

Akapanda baiskeli. Mwezi ukapita. Ukapita mwaka. Baba hakumwita. Walipokutana sokoni walisalimiana kwa adabu, "Habari za asubuhi," "Nzuri," kama watu wa benki. Gari liliozea uani na kitanda chake mpaka likauzwa chuma chakavu. Nami nilijua kila siku kwamba sentensi moja yangu ingelimaliza jambo lile. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa bibi asije akajua, na bibi alipofariki nikaogopa mama. Hofu haikosi sababu ukiilea vizuri.

Mwaka huu, kabla ya masika, nilikuwa Ifakara kumwona baba. Asubuhi moja jirani akapita kutuambia kwamba Mtani amefariki, mazishi ni saa tisa, Kivukoni. Jirani akasimama akingoja baba aseme neno. Baba akakoroga chai.

"Hutakwenda?" nikamwuliza tulipobaki wawili. "Nani atamtania kaburini?"

"Akataniwe na alioiba nao."

Niliweka kikombe chini. "Baba, rota niliichukua mimi. Niliitupa chooni ile Ijumaa, wewe ukiwa bafuni."

Aliacha kukoroga. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Mjane wake amekupigia simu."

"Baba, nilidhani unaoa. Nilikuta pazia, nikapima kamba, ikawa fupi kwa mama. Nilimwambia Mtani mwenyewe Jumatatu yake, akaniambia ninyamaze, usije ukaniumiza."

"Akajua? Akanyamaza miaka yote hii?" Baba akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekamata uongo mahali pake. "Yule? Yule hata kanisani alikuwa hawezi kunyamaza."

Nikamweleza kopo la maziwa. Akasema kopo lile kila mtu alilijua. Nikamweleza mluzi. Akasema yeye hapigi mluzi. Nikaanza kulia, na hapo ndipo aliponionea huruma. Akanyoosha mkono wake mkavu, akanishika kichwa.

"Mwanangu, una moyo mwema. Toka utotoni ulikuwa hivyo. Hukuwa mtu wa kumshuku mtu." Akarudisha mkono kwenye kikombe. "Nenda wewe ukazike. Wakiniulizia, waambie naumwa."

Nikaenda. Waliniuliza, nikawaambia anaumwa.